Oveni Iliyobaki Kampala

Nilikuja Juba kutoka Kenya kuwa mhasibu wa hoteli moja karibu na uwanja wa ndege, na mkate wangu wa asubuhi niliununua kwa mama mmoja wa mtaa wa Gurei. Alikuwa amekulia katika kambi ya wakimbizi Uganda, akarudi na ufundi wake. Alioka kwa makaa ndani ya pipa lililokatwa, na jua likianza kukaza mikate ilikuwa imekwisha.

Wazo la kufungua kiwanda kidogo lilikuwa langu. Yeye angetoa kiwanja na kazi, mimi ningeleta oveni.

"Usinipe maneno tu, ndugu yangu," alisema.

"Sikupi maneno, dada."

Nilikwenda Kampala nikainunua, nikaiacha kwa fundi hadi nipate lori. Niliporudi nilikuta amejenga. Yeye na wadogo zake walikuwa wamefyatua matofali wenyewe, na ukuta umefika madirishani.

Wiki hiyo akaja bwana mmoja mwenye adabu sana, akasema kiwanja ni cha ami yake. Alikuwa na karatasi yenye mhuri. Mama naye alikuwa na yake. Katika ofisi ya ardhi tuliambiwa turudi wiki ijayo, na tuliporudi tukaambiwa vivyo hivyo. Mwenye lori naye akapiga simu: magari yalikuwa yameshambuliwa kwenye barabara ya Nimule, ile ya kutoka Uganda, na hatatoka. Dizeli ya jenereta ya kuwashia oveni ilikuwa ikipanda bei kila nilipoulizia.

Nikamwambia, "Dada, tungoje kidogo hali itulie."

Alikuwa anapepea moto. "Itulie lini? Mimi iko hapa, ikitulia, isipotulia. Wewe unaogopa kwa sababu una ndege."

Hakusema kwa hasira.

Nilimwomba fundi aiuze oveni. Ilipouzwa, nilimpa mama habari kwa simu, ingawa kwa boda ningefika kwake upesi tu. Akasema, "Maalesh," vile watu wa Juba humpa mtu pole. Alinipa pole mimi.

Miezi ilipita, ofisi ikaamua kiwanja ni chake. Alinipigia akiwa na furaha, na nikampongeza kwa sauti ya juu kupita kiasi. Hakuuliza habari za oveni. Chumba kile cha kiwanda alikiezeka mabati, akawa anaweka makaa humo. Hoteli yetu bado inaletewa mikate kutoka Uganda, na mimi ndiye ninayeipokea.

Wenzangu husema niliamua kwa busara. Huenda. Lakini hatari zote nilizoziona mimi, yeye aliziona pia, na akajenga.

Jumapili iliyopita tulikutana nje ya kanisa. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akauliza mama yangu anaendeleaje na presha. Nilimjibu kwa kifupi, nikasingizia kwamba boda ananingoja.