Ruta ya Chumba cha Ndani

Mke wangu huwasomesha Kurani watoto walioko ng'ambo kwa laptopu, akiwa katika chumba cha ndani cha nyumba yetu ya mawe ya matumbawe, Msambweni. Waifai ilikuwa haivuki ukuta, na wazazi walikuwa wameanza kutafuta mwalimu mwingine.

Dukani Ukunda, muuzaji kijana alinisifia ruta yenye antena nne. Nilizihesabu mara mbili, kisha nikazitikisa.

"Mzee, hii inashika mpaka beach," alisema.

"Sisi hatulali ufuoni, mwanangu. Iwashe kule stoo, ufunge ule mlango wa chuma, tuone kama itapenya."

"Kwani mzee huniamini?"

"Wewe nakuamini. Boksi ndilo silijui."

Nilichomeka kadi ya waifai ya pale dukani, ya kunasa mtandao, kwenye laptopu ya mke wangu niliyokuja nayo, nikangoja. Mtandao ulikatika. Ruta ndogo ya antena mbili, iliyokuwa imesukumwa kwenye rafu ya chini kabisa, ndiyo iliyopenya mlango ule tulipoijaribu. Nikaichukua pamoja na kadi ile ile niliyoijaribu, si nyingine ya kwenye pakiti.

Jioni ile mtoto wa ng'ambo aliitikia salamu ya mke wangu bila sauti kukatika. Mimi nilibaki nimesimama mlangoni, nikingoja ruta ikwame.