Siku Verna Corkum Alipoita Kamba

Kwa miaka thelathini na minane Verna Corkum alishona matanga ya meli pale Lunenburg, mji wa bandari huko Kanada, na alikuwa hajawahi kuona hata moja likipanda. Usishangae. Tanga hushonwa limelazwa sakafuni, mshonaji anatambaa juu yake kwa magoti. Ikifika siku ya kulitweka, walioitwa gatini walikuwa wanaume wa kamba tu. Verna alibaki kiwandani akishona la mwingine. Roho ilimuuma, tena sana.

Mwaka huu alistaafu, na meli mpya ilikuwa inavaa tanga la mwisho aliloshona yeye. Asubuhi ya kulitweka akajipeleka gatini mwenyewe, na bakuli la samaki wa heringi waliolowekwa kwenye siki mkononi asije akaulizwa kafuata nini. Akamkuta Murdock Himmelman, mume wa dada yake, hoi kwa mafua. Murdock ndiye aliyekuwa akiwaita watu wa kamba miaka yote, kwa neno la Kiingereza hoist, yaani tweka, ili wavute pamoja. Leo alifungua mdomo, ikatoka pumzi tupu.

"Basi nitaita mimi," Verna akasema.

"Shemeji, we!" Murdock akanong'ona. "Neno lile ni la mabaharia."

"Lipi, hoist? Hata lilikotoka hulijui! Mimi nimelisoma kwenye kamusi pale maktaba, wewe ukiwa baa. Lilianza kama ukelele tu wa watu wanaovuta kamba. Labda Waholanzi, labda Wajerumani wa pwani, hao hao babu zetu. Hata ile t ya mwisho watu waliibandika baadaye, basi tu, wamejisikia. Ukelele unataka koo, Murdock, na wewe leo koo huna."

Watu ishirini wakaangua kicheko. Nahodha Knickle akakuna kidevu. "Haya, mama, panda. Ila mti ukienda upande, unashuka."

Mti wenyewe si mlingoti, ni ule unaobeba tanga na kupanda nalo, mnene kama paja, na huvutwa na vikundi viwili, kila kimoja na ncha yake. Kimoja kikiwahi, mti unakwama na kitambaa kinachanika. Verna akavuta pumzi. "Hoist!" Sauti ikatoka kubwa mpaka yeye mwenyewe akashtuka. Mti ukapanda. Kumbe vijana wa upande wa mlingoti wanataka sifa, wakavuta kama wendawazimu, mti ukaanza kwenda upande.

"Nyie wa mlingotini! Mnawahi harusi? Shikilieni hapo hapo! Wa nyuma, hoist! Tena, hoist! Haya, wote!"

Mti ukanyooka. Tanga likapanda, likapanda, likafika juu na kushika upepo.

Verna akainua uso. Mishono aliyoijua kwa vidole tu ilikuwa angani, jua linapenya ndani yake. Alilia kwa furaha, bila haya yoyote, akasahau kila kitu.

Sasa, watu wa kamba wana sheria yao: hafungi mtu kamba mpaka mwitaji aseme. Mwitaji alikuwa analia. Watu ishirini wamening'inia kwenye kamba, jasho linawaingia machoni, na Murdock yumo.

"Shemeji," akasema Murdock kwa sauti ya kukwaruza, "tufunge, au?"

"Ngojeni kidogo," Verna akasema. "Bado naangalia."

Nao wakangoja.