Kukivua Kimo Nguo

Tangu mkewe azikwe, fundi bati hakuwa ametengeneza tangi hata moja. Ndoo, ndiyo. Karai, ndiyo. Tangi lilikuwa kazi ya wawili: yeye alikata, marehemu akapiga hesabu, kugombana wakagawana.

Kipimo chao kilikuwa kijiti cha sentimita kumi, marehemu alikikata kwenye mpini wa mwiko. Urefu kwa vijiti, mara upana, mara kimo: jibu ni lita. Hiyo fundi aliijua hata usingizini. Kurudi kinyume ndiko kulikomshinda.

Sasa Mama Dobi anataka tangi la lita mia saba na ishirini, likae chini ya dirisha la chumba cha kufulia. Urefu vijiti kumi na viwili, upana sita. Kimo, fundi atajua mwenyewe. Dirisha linaanzia vijiti kumi na kimoja kutoka chini. Na wanawe wameshamwambia: hili likikushinda, baba, funga karakana uje ukae kwetu. Kwao televisheni haizimwi.

Akaandika ukutani kwa chaki: mia saba na ishirini, toa kumi na mbili, toa sita. Kimo, vijiti mia saba na viwili.

Mdogo wa marehemu, mshonaji wa mlango wa pili, akasoma, akatafuta kigoda.

“Mita sabini, shemeji. Unamtengenezea Mungu? Yeye ana mvua.”

“Hesabu imekubali.”

“Imekuonea huruma. Dada alikuwa anafanyaje?”

“Alikuwa anakivua kimo nguo.”

“Haya. Kimevaa nini?”

“Urefu na upana.”

“Kwa kujumlisha au kwa kuzidisha?”

“Kuzidisha.”

“Sasa la kuzidisha unalivuaje kwa kutoa? Hiyo ni kuvulia suruali kichwani. Gawanya. Na upande wa pili wa alama ya sawasawa ugawanye vilevile, usionee mmoja.”

Kumi na mbili mara sita, sabini na mbili. Mia saba na ishirini gawanya kwa sabini na mbili: kumi. Kimo kikabaki uchi, peke yake. Fundi akakitazama. Wanafanana, yeye na kimo.

Tangi liliingia chini ya dirisha, nafasi ya kijiti kimoja ikabaki. Likajazwa, halikuvuja.

“Dada angesemaje?” shemeji akauliza.

“Angesema nimechelewa.”

Wanawe walipokuja kumchukua, wakidhani limemshinda, walimkuta ameinama juu ya bati, kijiti mkononi.

“Sogeeni,” akasema. “Mnanizibia mwanga.”