Sura ya Masika

Ni miye niliyetengeneza fomu ya mtandaoni ya kutuma picha za kadi za uanachama katika kooperative ya wamama wakulima wa kahawa hapa Butembo, na nilijisifu sana. Ukituma wimbo badala ya picha, fomu inakataa. Picha ikiwa nzito mno, inakataa. Na kwa kuwa reseau yetu ya simu hukatika na watu hubonyeza mara mbili, niliiagiza hivi: jina la picha likirudi mara ya pili, ibakize ile ya kwanza tu.

Picha ya kwanza kabisa niliituma miye, ya kujaribu. Ilikuwa ya Masika wangu, msichana nimpendaye, aliye Bungulu, kule Beni, nami niliipa jina lake tu: Masika. Tangu njia ya huko ianze kuogopesha kwa vita sijamwona. Nilijiambia ni kazi, kumbe nilitaka kumtazama tu. Sikuifuta.

Wamama nao wakaziita picha zao kwa majina yao. Na kwetu binti wa kwanza huitwa Masika, nyumba kwa nyumba!

Siku ya kuonyesha kadi ukutani kwa mashine, mbele ya mkutano mzima, akaitwa mama Masika wa Alimbongo, mwenye wajukuu. Ukutani akatokea Masika wangu, anacheka.

"Ata mu bujana yangu sikukuwaka muzuri hivi!" akasema yule mama.

Akaitwa Masika mwingine: yeye tena. Na mwingine: yeye tena. Watu wakavunjika mbavu. Miye mjinga, badala ya kuzima mashine, nilikuwa namtazama.

Ndipo mama mmoja akasimama nyuma, akaniona nilivyokodoa macho, akaninyooshea kidole.

"Lakini huyu ni mutoto yangu wa Bungulu! Kumbe ni sababu ya weye anakatalaka kuolewa?"