Taa Juu ya Shamba la Babu Elbert

Niambie bila kuzungukazunguka: maji ya ziwa ni ya nani? Ni ya mwenye nyumba anayeyatazama kutoka kilimani, au ni ya mtu ambaye nyumba ya babu yake imelala chini yake?

Lonzell Tubbs hakuhitaji muda wa kulifikiria swali hilo. Alikuwa fundi wa mabasi ya shule, mwenye miaka sitini na mmoja, mpana wa mabega na mwepesi wa miguu, na katika vilima vile vya Mississippi hakuna aliyemshinda kuvua krapi usiku. Krapi ni samaki bapa kama sahani, mweupe, mwenye madoa meusi ubavuni. Wakati wa joto hujificha kilindini mchana kutwa, kisha usiku huinuka kuifuata taa. Wengine waliwahi kumwambia Lonzell kwamba anabahatisha. Aliwacheka tu, akaendelea kujaza kasha lake la barafu.

Serikali ilipojenga bwawa, ekari arobaini za babu yake, Elbert Tubbs, zilizama zote: pamba, kisima, miti saba ya pichi na jiwe la mlangoni. Lonzell alikuwa hajazaliwa. Lakini alipofika miaka saba, babu alimpakia kwenye mashua akamwonyesha njia ya nyumbani. Unalinganisha mnara wa kanisa la Gileadi na msonobari uliopasuliwa na radi ng'ambo ya pili. Vikikaa mstari mmoja, upo mlangoni. Tangu hapo, kila Januari, Lonzell aliokota miti ya Krismasi iliyotupwa na watu, akaifunga matofali, akaizamisha palepale. Samaki walipafanya mji wao.

Kisha akaja Daktari Haskell Prewitt, daktari wa meno mstaafu kutoka Memphis. Alinunua kilima, akaukata msonobari, akajenga nyumba yenye veranda ndefu. Baada ya miaka miwili akaanza kukusanya saini za majirani zake wapya. Taa za wavuvi zinawanyima usingizi, walisema. Baraza la kaunti liifunge ghuba ile kwa mashua zote tangu jua linapozama. Shauri lingesikilizwa Ijumaa saa tatu asubuhi. Likipita, Lonzell angebaki na ghuba ya mchana, wakati ambao samaki hawashiki chambo na joto linachemsha ubongo. Kwa maneno mengine, angefungiwa nje ya kwao.

Alhamisi usiku alikuwa palepale, na binamu yake Verlean, mpishi wa shule, mwanamke ambaye ulimi wake ulikuwa ukimenya viazi bila kisu. Mashua ya bati ilikuwa imetiwa nanga mbele na nyuma, isisogee hata shubiri. Karabai mbili zilining'inia juu ya maji zikivuma.

"Kesho ni baraza, na wewe uko hapa unapanga ndoano," Verlean alisema. "Si ungekaa nyumbani uandike cha kusema?"

"Cha kusema nakijua tangu nina miaka saba."

"Basi uvae shati lenye vifungo. Wasije wakadhani umekuja kutengeneza basi lao."

Wadudu walikuja kwanza, wakazunguka katika mwanga. Baada yao vikaja visamaki vyembamba mithili ya dagaa. Lonzell hakushusha ndoano. Krapi hubaki chini, pale mwanga unapokutana na giza, na mwenye pupa huwatawanya kabla hawajatulia. Saa nzima ilipita. Ndipo akatunga kisamaki hai kwenye ndoano, akakishusha futi kumi na mbili, na fimbo ikainama polepole.

Walikuwa na samaki kumi na mmoja waliposikia injini. Boti kubwa jeupe la Daktari Prewitt lilikuwa likiwajia kwa kasi, na tochi ikiwapiga usoni.

"Nyie! Zimeni hizo taa!"

"Usije moja kwa moja, daktari!" Lonzell alipaza sauti. "Zunguka kushoto! Kuna visiki!"

Daktari alidhani anatishwa, akaongeza mwendo. Kukasikika mkwaruzo mbaya, injini ikakohoa, ikanyamaza. Propela ilikuwa imevunjika.

"Mwache apige kasia," alisema Verlean.

"Hana kasia. Wenye maboti ya namna ile hawabebi kasia."

Lonzell alimrushia kamba, akamvuta hadi ubavuni mwa mashua yake.

"Nipelekeni nyumbani," daktari alisema.

"Nitakupeleka. Lakini nikizing'oa nanga sasa, samaki wote wataondoka, na wamechukua saa nzima kuja. Utasubiri kidogo."

"Nina mkutano asubuhi!"

"Hata mimi. Ni huohuo."

Verlean alicheka mpaka akashika ukingo wa mashua. Kisha akampa daktari fimbo, kwa sababu hakuweza kuvumilia kumwona mtu amekaa bure. Samaki alipogusa, daktari aliivuta fimbo kwa nguvu zote. Ndoano ilirudi tupu. Mara ya pili vilevile.

"Daktari, hilo si jino!" Verlean alifoka.

"Mdomo wake ni kama karatasi iliyolowa," Lonzell alisema kwa upole. "Ukinyakua, unachanika. Inua tu, kama unambeba mtoto aliyelala."

Wa tatu akapanda, mpana kuliko wote wa usiku ule. Daktari alimshika vibaya, miba ya pezi ikamchoma kidole gumba, lakini hakumwachia. Verlean akafungua soseji za kopo na biskuti za chumvi, akazinyunyizia pilipili ya chupa, na daktari akala kama wao, kwa vidole.

"Hivi gizani hapa mnapajuaje?" aliuliza hatimaye.

Lonzell alimweleza habari za babu, shamba na mnara. "Alama ya pili ilikuwa msonobari. Uliukata. Sasa natumia taa ya veranda yako."

"Taa yangu?"

"Ukiizima nitapata alama nyingine. Yule mkubwa uliyemvua, umemvua mlangoni kwa bibi yetu."

Daktari alitazama maji. Mkono wake ulipanda hadi kwenye kofia, ukasita pale, kama mtu asiyejua kama anapaswa kuivua.

Lonzell hakutaja saini wala hakumsihi. Kwa nini amsihi? Mtu haombi ruhusa kuingia kwao. Aliendelea kuvua, na ilipokaribia saa nane akang'oa nanga, akamvuta daktari hadi gatini kwake. Verlean akamtilia samaki sita kwenye mfuko.

"Uwakaange kwa unga wa mahindi na mafuta ya moto," alimwonya. "Ukitia siagi nitajua."

Asubuhi Lonzell aliketi barazani na shati lake lenye vifungo, Verlean pembeni yake. Mwenyekiti alipotaja shauri la ghuba, Daktari Prewitt alisimama, plasta kwenye kidole gumba, karatasi ya saini mkononi.

"Tusomee, daktari."

Hakusoma. Alitoa kalamu, akaiweka karatasi juu ya meza, akalikata jina lake, lililokuwa la kwanza.

"Mimi nimejitoa," alisema. "Nimekaa juu ya mahali pale. Pana wenyewe. Anayetaka kuisoma, aje aisome."

Mwenyekiti aliangaza viti. Majirani wa kilimani walikuwa wamemtuma daktari na wao wakabaki kulala. Hapakuwa na hata mmoja wao ukumbini.

"Hakuna msomaji, hakuna shauri," alisema mwenyekiti. "Tuendelee. Shauri linalofuata: mbwa wa Barabara ya Kinu."

Lonzell alimwona daktari akiiacha karatasi mezani na kutembea kuelekea mlangoni. Alipopita safu yao aliinamisha kichwa kidogo. Verlean alinusa hewa nyuma yake, akakunja pua.

"Siagi," alinong'ona.