Safu ya Asili ya Baba

Naikumbuka Jumatatu niliyotia sahihi orodha ile, mwanangu. Ningeweza kuirudisha mezani na kusema, "Hii siiwezi." Mkono wangu haukuwa umefungwa. Nilisaini, nikafunika kalamu, nikaenda kula.

Ulipokuja juzi, wewe mtoto wa jirani yangu, na cheti chako cha chuo, ukaniuliza jinsi ya kujenga maisha katika kazi ya usawa na ujumuishi, nilikujibu kwa kicheko. Usinichukie. Nilicheka kwa sababu nilikuwa nayo kazi hiyo, na nilikuwa nayo kwa fahari. Ngoja nikueleze.

Nilikuwa karani wa wafanyakazi katika kampuni moja ya mgodi, upande wa barabara ya Kipushi. Nina diploma ya sekondari tu, lakini mwandiko wangu ulisifiwa. Kampuni ilipoahidi kwamba wanavijiji waliopoteza mashamba kwa ajili ya mgodi watapewa kazi kwanza, ikafungua ofisi ya usawa, na mimi nikawekwa humo. Nilipewa meza yenye kioo, kibao mlangoni, na siku tatu za mafunzo hotelini pamoja na mlo wa kuku. Mke wangu, Mungu amrehemu, alikipiga pasi cheti changu kabla ya kukiweka kwenye fremu.

Mkurugenzi alikuwa mgeni, hajamaliza hata mwaka nchini. Aliniuliza swali moja la maana: "Papa Kasongo, tutamjuaje mwenyeji ni nani?"

Sikufikiri. "Tuulize asili ya baba," nikasema. "Huku kwetu fomu zote ziko hivyo."

Na ni kweli, ziko hivyo. Tangu shule ya msingi tunajaza: jina, mahali pa kuzaliwa, kisha asili ya baba, mkoa wake, kijiji chake. Mtoto aliyezaliwa hapa mjini, mtaa wa Kamalondo, asiyejua lugha nyingine ila Kiswahili cha Lubumbashi, anaandika kijiji ambacho hata baba yake hakuwahi kukiona. Tumeizoea safu hiyo kama mtu anavyozoea jiwe ndani ya kiatu, mpaka anadhani ni sehemu ya mguu. Mgeni yule asingeijua kama nisingempa. Angeweza kuuliza, "Shamba lako lilikuwa wapi?" na tungewapata wenye haki wote. Safu ile niliichora mimi kwa rula yangu.

Mwaka wa kwanza ilileta mema, sikatai. Vijana wa vijijini waliingia kazini, na wanawake wakaendesha malori makubwa. Nilipigwa picha nimevaa kofia ya chuma. Kisha bei ya shaba ikaanguka, kampuni ikataka kupunguza watu, na mtu fulani huko juu akakumbuka kwamba tunayo safu inayotenganisha wenyeji na wa kuja. Orodha ikatoka kwenye mashine bila jasho. Ikaletwa kwangu, maana bila sahihi ya ofisi ya usawa ingeonekana ubaguzi.

Katika ukurasa wa pili nilikuta jina la Trésor.

Trésor alikuwa fundi wa kuchomea vyuma, na alikuwa mume wa binti yangu, Bernadette. Alizaliwa mtaa wa tatu kutoka kwetu. Babu yake aliletwa na reli kutoka mkoa mwingine, kuja kufanya kazi mgodini. Nililitazama jina lile kwa muda mrefu, nikajiambia kwamba mtu mwadilifu hampendelei mkwe wake. Sikiliza jinsi mtu anavyojidanganya kwa maneno mazuri, mwanangu! Nilidhani swali ni kumtoa Trésor au kumwacha. Kumbe swali lilikuwa orodha yenyewe.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, mama yake Trésor alikuja kwangu. Mama Ntumba alikuwa akiuza vitenge, na sauti yake ilijulikana soko zima. Hakukaa kwenye kiti nilichompa.

"Mukwe," akasema, "babu yako alitoka wapi?"

"Kongolo, mama. Unajua."

"Alikuya na miguu?"

Nikamsogezea kiti tena.

"Si alishuka mu train, sawa na babu ya mutoto wangu? Train ni moja, mukwe! Sasa weye njo mwenye inchi, na siye njo mizigo?" Akakitazama cheti changu ukutani. "Na hii karatasi, balikupa juu ya kufundisha bantu kupendana? Ubarudishie kuku yabo."

Majirani walicheka nje ya ua. Kijiji cha babu yangu kiko mbali na mgodi ule kuliko mtu anavyoweza kutembea kwa mwezi. Niliandikwa mwenyeji kwa sababu ramani ya zamani iliiweka Kongolo ndani ya mkoa huu, basi. Wenyeji wa kweli wa ardhi ile wangeweza kutucheka wote wawili.

Ningeweza kwenda Jumatatu kuifuta sahihi yangu. Sikwenda. Niliogopa kurudi kuwa karani.

Trésor alitafuta kazi miezi saba. Kampuni nyingine nazo zilikuwa zimeiga fomu yetu; ilisifiwa sana. Mwishowe akaamua kwenda mkoa wa baba zake, mahali asipomjua mtu wala lugha. Bernadette alikuja kuniaga. Mtoto wake mdogo alikuwa mgongoni, wale wakubwa wawili wameshika sketi yake.

"Papa," aliniuliza, "mu fomu yako, hawa batoto niandike ni ba wapi?"

Mchimba kisima huingia mwenyewe, walisema wazee. Mimi nilichimba, wakaingia wanangu.

Basi ifanye kazi hiyo, mwanangu, sikukatazi. Walemavu wanaihitaji, wajane wanaihitaji, na wanakijiji bado hawana mashamba. Ila kabla ya kumwuliza mtu swali lolote kwenye karatasi, fikiri ni nani atakayelisoma jibu siku ya njaa. Mwulize mtu anaishi wapi na nini kinamzuia. Usimwulize damu yake. Na ukiona sahihi yako inatakiwa ili jambo baya lipendeze, kataa mapema, siku ambayo kukataa kutakugharimu kiti tu. Mungu akupe ujasiri ambao mimi sikuwa nao, akulindie nyumba yako, na watoto wako wasiulizwe kamwe ni wa wapi.

Wanasema majuto ni mjukuu. Kwangu majuto yalikuja, wajukuu wakaondoka. Cheti bado kipo ukutani. Bernadette hapokei simu yangu, na yule mdogo aliyekuwa mgongoni sasa anasoma shule, wala hajui uso wangu.