Wenyewe wa Mgodi wa Ulanga

Miaka michache baada ya vita vya pili nilikuwa karani katika ghala la ulanga huko Temeke. Ulanga ni yale mawe yanayochanika kuwa karatasi nyembamba zinazong'aa. Yalichimbwa katika milima ya Uluguru, yakaletwa kwetu kuchambuliwa kabla ya kwenda bandarini. Nilikuwa nimemaliza sekondari, na siku zile sikumwacha mtu asahau jambo hilo.

Bwana mkubwa wetu, Mwingereza, alisikia kwamba ndani ya msitu kule juu kuna mgodi uliochimbwa wakati wa Mdachi kisha ukaachwa. Alitaka kuufungua upya, ila kwanza alitaka kujua ulifungwa kwa nini. Pale Temeke alikuwapo mzee mmoja wa Kiluguru, muuza mkaa, aliyefanya kazi mgodini humo alipokuwa kijana. Nikatumwa nimsikilize, niandike maelezo yake kwa Kiingereza, naye aweke dole gumba.

Mzee alikuwa na sababu yake ya kukubali. Mwanawe wa pekee alikuwa kuli ghalani kwetu, na alikuwa ameshaandikwa katika kikosi cha kwanza cha kwenda kuchimba.

Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanitania kwamba sisi watu wa pwani tukiona kichuguu tunakiita mlima. Kisha akaeleza kwa utaratibu: njia ya kuingilia, magogo ya kuzuia dari, maji yaliyochuruzika kutoka juu hata wakati wa kiangazi. Nilipomuuliza kwa nini ulifungwa, aliinamisha kichwa.

"Mule mna wenyewe," akasema. "Mengine yaache ukitaka, karani. Hilo liandike."

Mimi ni mzaliwa wa pwani. Kwetu ukisema mahali pana wenyewe, unasema pana mizimu, na mtu hapiti hapo bila kuomba ruhusa. Sikuuliza zaidi. Niliwaza jinsi bwana mkubwa angecheka akikuta mizimu katika karatasi yangu, na jinsi angeniona nami ni walewale. Nikaandika kwamba mgodi ulifungwa kwa sababu ya vita vya Mdachi na Mwingereza.

Mzee hakujua kusoma. Akaomba nimsomee kabla ya kuweka dole. Nikaishika ile karatasi ya Kiingereza, nikamsomea kwa Kiswahili maneno ambayo hayakuwamo: mule mna wenyewe. Akashukuru, akabonyeza dole gumba kwenye wino.

Wiki mbili baadaye, asubuhi, lori lilikuwa linanguruma uani na vijana wamekwisha panda. Mzee akaja langoni akihema, akanishika mkono. Akaniuliza: bwana mkubwa amesoma maelezo yangu, na bado anawapeleka? Nikamjibu kwa upole, upole wa msomi anayejiona, kwamba Wazungu hawaamini mizimu.

"Mizimu gani?" akasema. "Nilikwambia wenyewe. Wachimbaji. Dari liliwaangukia, kaka yangu akiwa mmojawapo. Siku mbili tuliwasikia wakigonga mawe. Mdachi akaamuru mlango uzibwe."

Nilikwenda mbio hadi ofisini. Bwana mkubwa alikuwa akiongea kwenye simu, akaniinulia kiganja ningoje. Nikangoja. Nilisikia lori likitoka, likibadilisha gia barabarani. Alipomaliza nilisema kwamba yule mzee amekumbuka jambo jipya. Sikusema kwamba ni mimi niliyeliacha. Akafungua faili, akanionyesha dole gumba. Mtu huyu amethibitisha kuwa ni vita, akasema. Leo anamwonea mwanawe huruma tu. Kisha akaniuliza kama nilikuwa na neno lingine.

Nilikuwa nalo. Nilisema hapana bwana, nikarudi mezani kwangu.

Masika ilipoanza, maji yaliloanisha mwamba na dari likaanguka tena. Vijana wengine walirudi Temeke bila mwana wa mzee. Walisema msimamizi aliogopa kufukua, mlima wote usije ukashuka.

Nilikaa siku tisa kabla ya kwenda kwa mzee. Nilichukua nakala ya karatasi, nikamkuta amekaa barazani, magunia ya mkaa yamefungwa. Nikamweleza yote: nilichosikia, nilichoandika, nilichojifanya kusoma.

Hakunipigia kelele. Aliniomba nimsomee kilichomo, safari hii kilichomo kweli.

Nikasoma kwamba mgodi ulifungwa kwa sababu ya vita.

Akataka nirudie. Nikarudia. Kisha akageukia mlangoni, akamwita mkewe ndani.

"Mama," akasema, "njoo usikie mwanao amekufa kwa nini."

Yule mama alitoka, akaketi kwenye mkeka, akajifunga khanga vizuri kama mtu anayesubiri kusomewa barua. Nami nikasoma mara ya tatu.